Sampu inapogusa lami: kutafuta chanzo kwenye hotirodi iliyoshushwa

Kama gari limegonga kitu dakika chache zilizopita na taa ya oili imewaka, au sindano ya geji ya presha imeanguka, zima injini hapo hapo. Usilisogeze hata hadi kituo cha mafuta unachokiona mbele yako. Injini ikikosa presha ya oili huanza kula beringi ndani ya sekunde chache, na bei ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini) ni kitu kidogo mno mbele ya bei ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Kazi zote zinazofuata hufanywa gari likiwa limesimama, na zile za chini ya gari hufanywa likiwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi.

Hotirodi zinazozungumziwa hapa ni uzao wa California wa miaka ya 1930 na 1940: Ford kuukuu, hasa ya mwaka 1932, inavuliwa mapambo, inashushwa, inatiwa injini yenye nguvu. Nyingi siku hizi zinabeba V8 ndogo ya Chevrolet, ukoo ulioanza mwaka 1955. Sampu ya kawaida ya injini hiyo ina kina cha takriban inchi 7.5 (sentimita 19) kutoka kingo zake za boliti, na fremu ya 1932 haikuchorwa kwa ajili yake. Ndiyo maana malalamiko ya kukwaruza ni mengi, na ndiyo maana watu hukimbilia kukata sampu kabla hawajajua ni kitu gani hasa kinachogusa chini.

Pima kwanza

Weka gari kwenye sakafu tambarare, tairi zikiwa na upepo wake kamili, tangi likiwa nusu, na mtu ameketi kwenye kiti cha dereva. Kwa rula ya chuma pima umbali kutoka sakafuni hadi sehemu hizi: sakafu ya sampu, plagi ya kumwagia oili, ganda linalofunika flaiwili, gurudumu zito lililo nyuma ya injini (ganda hilo mafundi huliita belihauzi), sampu ya giaboksi kama ni otomatiki, maungio ya ekzosi, na krosimemba ya mbele (chuma kinachokingama kuunganisha pande mbili za fremu). Andika kila kipimo. Chini ya inchi 4 (sentimita 10) utakwaruza kila siku. Inchi 5 zinavumilika barabarani.

Kipimo cha gari likiwa limetulia ni nusu ya habari tu. Pima pia nafasi kati ya ekseli na raba ya kizuizi, kwa sababu ndio mwendo ambao springi inaweza kulala kabla ya kukwama. Sampu iliyo inchi 4.5 juu ya lami, kwenye gari ambalo springi yake ya mbele inaweza kulala inchi 2, itafika karibu inchi 2.5 hadi 3 mtu akifunga breki juu ya tuta. Matuta mapana ya mitaa ya Marekani huwa na kimo cha inchi 3 hadi 4 na urefu wa takriban mita 3.7. Ford ya 1932 ina sentimita 269 tu kati ya ekseli na ekseli, kwa hiyo gari zima hupanda tuta kama hilo polepole. Hatari kubwa iko kwenye yale matuta membamba ya maegesho, kwa sababu magurudumu yakishavuka, tuta lenyewe hubaki chini ya tumbo la gari likisubiri sampu.

Halafu kuna kipimo cha uzi, na hiki usikiruke. Vuta uzi kutoka ukingo wa chini wa rimu ya kushoto hadi mahali tairi la kulia linapokanyaga sakafu, kisha rudia kinyume chake, uzi upate umbo la X. Fanya hivyo mbele na nyuma. Kitu chochote cha fremu, usukani, ekseli au injini kinachoning'inia chini ya uzi mmojawapo kitashuka hadi lami siku tairi likipasuka, na gari linaweza kukukatalia usukani ukiwa kwenye kasi. Sampu iliyo chini ya mstari huo ni kosa la usalama, hata kama haijawahi kukwaruza. Kipimo hiki kinafaa vilevile kwa Toyota Mark II iliyoshushwa Nairobi au Dar es Salaam, hakichagui gari.

Ilikuwa haigusi, sasa inagusa

Kama hakuna kilichobadilishwa kwa makusudi, kuna kitu kimechoka au kimelegea. Anza na tairi. Aliyetoka kwenye 165/80R15 akavaa 185/55R15 amepoteza milimita 30 za kimo kwa ununuzi mmoja, na mara nyingi hakuhisi kwa sababu rimu ni ile ile. Linganisha namba zilizo ubavuni mwa tairi na zile za seti ya zamani.

Kisha springi. Springi ya mabapa inayokingama mbele ya Ford hulegea kwa miaka. Dalili yake ni kwamba shakeli mbili za pembeni (vipande vinavyoshika ncha za springi) zinalala karibu usawa wa ardhi badala ya kuinama kwa takriban digrii 45. Gari la mifuko ya hewa liache usiku kucha, pima jioni na asubuhi. Likiwa limeshuka, paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mipira ya hewa utafute mapovu.

Mwisho, angalia raba za kushikilia injini. Raba iliyolowa oili hulainika ikabonyea, na injini nzima hushuka pamoja na sampu. Iliyokatika kabisa huonekana kwa njia hii: mwenzako akanyage breki kwa nguvu, aweke gia, aongeze moto (akanyage mafuta) kidogo, nawe usimame pembeni, kamwe usikae mbele ya gari. V8 ya Chevrolet yenye raba iliyokatika upande wa dereva (kushoto, kwa magari ya Marekani) huinua upande huo waziwazi, kisha hujibwaga chini moto ukipunguzwa. Badilisha raba zote mbili kwa pamoja.

Inagusa ukifunga breki, au kwenye matuta tu

Hapa springi inalala kupita kiasi. Bonyeza pua ya gari kwa uzito wako, achia. Ikicheza zaidi ya mara moja na nusu, shokomzoba zimekwisha. Kama shokomzoba ni nzima, uliza gari lilishushwaje, maana kuna njia ambazo zinaiba mwendo wa springi na kuna ambazo haziibi.

Koili iliyokatwa pete moja hushusha gari na kulisogeza karibu na kizuizi cha raba. Ekseli yenye mshuko wa inchi 4, au spindeli (vishikio vya magurudumu ya mbele) zenye mshuko wa inchi 2 kwenye mitambo ya mbele ya mtindo wa gari la Ford Mustang II, hushusha fremu kiasi kile kile lakini springi hubaki na mwendo wake wote. Kuizamisha bodi hadi ifunike fremu hulifanya gari lionekane limelala kabisa, na haishushi sampu hata milimita moja. Kukata fremu na kuipandisha juu ya ekseli ya nyuma ni kinyume chake: bodi, fremu na injini vyote vinashuka pamoja. Mwenye kutafuta sura ya chini bila kuumiza injini angeanzia kwenye bodi.

Ukiamua kuinua pua kidogo kwa kipande cha kuongezea juu ya springi, usitarajie inchi moja ya mbele ikupe inchi nzima kwenye sampu. Kisima cha oili (sehemu ya sampu iliyo ya kina zaidi) kikiwa sentimita 75 nyuma ya ekseli ya mbele, katika gari la sentimita 269, inchi moja hutoa karibu inchi 0.7 tu. Inatosha mara nyingi, lakini ihesabu kabla ya kununua vipande. Kisha rudia upimaji wa mwelekeo wa magurudumu, kwa sababu kuinua pua hubadilisha mlalo wa kingipini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia).

Kelele ipo, sampu haina alama

Paka chaki nene, au bandika tepu ya karatasi, kwenye kila sehemu uliyoipima. Endesha njia ile ile yenye kelele, rudi utazame ni ipi imefutika. Mara nyingi huwa ni ekzosi au belihauzi, na mwenye gari alikuwa tayari ameagiza sampu mpya.

Belihauzi inastahili maelezo zaidi, maana pesa nyingi hupotelea hapa. Kwenye V8 ndogo ya Chevrolet kingo za sampu ziko usawa wa katikati ya krenki. Flaiwili kubwa ya meno 168 ina kipenyo cha takriban inchi 14, kwa hiyo inashuka inchi 7 chini ya katikati hiyo, na ganda lake linashuka zaidi. Sampu ya kawaida ya inchi 7.5 iko karibu usawa na ganda hilo. Ukiweka sampu ya inchi 6.5 bila kugusa flaiwili, umetumia pesa na kitu cha chini kabisa bado kiko pale pale, tena sasa ni ganda la kutupwa linalopasuka likigongwa. Anayetaka faida ya kweli hubadili pia kwenda flaiwili ya meno 153, yenye kipenyo cha takriban inchi 12.8, pamoja na belihauzi yake ndogo. Stata nayo hubadilika: ya meno 153 ina boliti mbili zilizo sambamba, ya meno 168 ina boliti zilizopishana. Krenki za mwaka 1986 na kuendelea zinataka flaiwili ya muundo wao.

Oili inadondoka baada ya kugonga

Usikisie kwa kutazama tone, oili hutembea na upepo hadi nyuma ya gari. Safisha chini yote kwa kisafisha breki, kausha, puliza poda ya watoto, washa injini kwa dakika 10 huku ukiangalia presha. Mahali poda inapolowa kwanza ndipo penye tatizo.

Plagi ikiwa ndiyo inayovuja, angalia kama imepigwa ikainama. Plagi inayotazama chini ndiyo hugonga kwanza, na pigo moja hupasua sehemu iliyochomelewa kuizunguka. Kwenye sampu nyingi za Chevrolet ndogo plagi ni ya nusu inchi, meno 20 kwa inchi. Kaza takriban paundi-futi 20 (nyutoni-mita 27), ukiwa umeweka pete mpya ya kuzibia (washa). Ukipata nafasi ya kuchagua sampu, chukua yenye plagi upande wa nyuma wa kisima.

Kuvuja kwenye kingo kwa kawaida kunatokana na pigo lililopindisha mdomo wa sampu. Kukaza boliti zaidi kunazidisha ubaya, kwa sababu bati huvutwa kuzunguka kila tundu na katikati hubaki wazi. Toa sampu, weka mdomo wake juu ya ubao mgumu, nyoosha kila tundu kwa nyundo ndogo ya duara. Boliti za robo inchi hukazwa paundi-inchi 80 (nyutoni-mita 9), zile nne za kona, za 5/16, paundi-inchi 165 (nyutoni-mita 19). Hizo ni nguvu ndogo kuliko mkono wa fundi mwenye hasira, kwa hiyo tumia spana ya kupimia.

Sampu ya bati iliyotoboka huchomelewa ikiwa imeoshwa kabisa ndani na nje. Ya aluminiamu ya kutupwa, kama zile za injini za LS (V8 za Chevrolet za kizazi cha baadaye), haibonyei, hupasuka. Gundi ya chuma ya sehemu mbili itakufikisha nyumbani kama ufa ni mdogo na uso umesafishwa hadi chuma kitupu. Hiyo si tiba ya kudumu. Kumbuka pia kwamba sampu ya LS iliyotoka kwenye pikapu ina kisima kirefu kuliko ya Camaro ya 1998 hadi 2002. Wengi wanaotia LS kwenye hotirodi huchukua ile ya Camaro tangu mwanzo.

Ukinunua sampu nyingine ya Chevrolet ndogo, jua tarehe ya bloku yako. Hadi 1979 kijiti cha oili kiko upande wa dereva (kushoto), kuanzia 1980 kiko upande wa abiria (kulia). Sili (raba ya kuzibia oili) ya mbele ni nyembamba hadi 1974 na nene kuanzia 1975. Kuanzia 1986 sili ya nyuma ni ya kipande kimoja na sampu ya zamani haikai kabisa. Sili nene ikiingia mahali pa nyembamba, sampu haikai chini, na mwenye gari atasema "sampu mpya inavuja."

Presha imebadilika baada ya kugonga

Hakuna sehemu nyingine inayoua injini nyingi kama hii. Mrija unaonyonya oili una chujio lililo inchi 1/4 hadi 3/8 (milimita 6 hadi 10) tu juu ya sakafu ya sampu. Kubonyea kwa milimita 10 chini ya chujio hilo kunatosha kuziba mdomo wa pampu, na nje panaonekana kama alama ndogo isiyo na maana. Pima kina cha kila bonde kwa rula na ukingo ulionyooka. Likizidi milimita 5 chini ya chujio, sampu itoke.

Soma geji kwa makini, ukithibitisha kwa geji ya mkono iliyofungwa mahali pa sensa, nyuma ya distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa cheche). Kawaida inayokubalika ni angalau paundi 10 kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Presha iliyo nzuri gari likinguruma polepole, kisha ikapungua kadiri unavyoongeza moto, inaonyesha pampu inanyimwa oili: chujio limezibwa. Presha iliyo ndogo injini ikiwa ya moto na polepole, kisha ikapanda vizuri, ni beringi zilizochakaa na huenda zilikuwa hivyo kabla ya pigo. Sindano inayotetemeka pamoja na mlio mwembamba wa pampu inamaanisha hewa inanyonywa. Mrija umepasuka au umechomoka. Kwenye Chevrolet ndogo mrija huo umebanwa tu ndani ya pampu, na pigo huweza kuulegeza. Ukiurudisha, uchomelee alama moja ndogo, lakini kwanza toa springi ya vali ya presha ndani ya pampu, isije ikapoteza ugumu kwa joto.

Mlio wa kugonga wa chuma unaofuata mizunguko ya injini sawasawa unaweza kuwa bati lililoingia njia ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) au uzani wa krenki. Usiwashe tena. Toa plagi za cheche, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, utahisi inapogusa.

Kutoa sampu bila kutoa injini kunawezekana kwa kuinua injini inchi 2 hadi 3. Vua kwanza kifuniko cha distribyuta, la sivyo kitavunjikia kwenye ukuta wa mbele wa bodi. Legeza feni na mipira ya rejeta, geuza krenki hadi uzani wake wa mbele usizuie. Kabla ya kufunga, bandika plastisini juu ya chujio, weka sampu na gasketi bila kukaza kabisa, toa, kata plastisini upime unene. Hiyo ndiyo nafasi halisi.

Presha inacheza kwenye kona tangu uweke sampu fupi

Kisima chenye urefu wa inchi 10 na upana wa 8 hupoteza lita 1.3 kwa kila inchi moja ya kina inayokatwa. Sampu ya kawaida hubeba kwoti 4, karibu lita 3.8, na filta hubeba kwoti moja zaidi. Kwa hiyo kukata inchi moja bila kupanua pembeni ni kuondoa theluthi ya oili, na iliyobaki hukimbilia ukutani kwenye kona na kuacha chujio wazi. Sampu fupi nzuri ina mabawa ya pembeni yanayorudisha ujazo, na vizuizi vya ndani vinavyoishikilia oili karibu na chujio. Mrija wa kunyonya lazima ufupishwe kiasi kile kile.

Kosa lingine la kawaida ni kuamini kijiti cha zamani. Mimina kwoti 4 kwenye injini iliyokauka, washa dakika moja ili filta ijae, ongeza kwoti ya 5, subiri dakika 10, kisha chora alama mpya ya "jaa" hapo oili ilipofika. Kama sampu yako ina ujazo mwingine, tumia ujazo huo. Ukizidisha, krenki hupiga oili ikawa povu, na povu halishiki presha.

Kuinua injini kwa nusu inchi kwenye maunti zake mara nyingi kunaokoa zaidi kuliko sampu fupi, na hakunyimi injini oili. Baada ya hapo pima kwa pimamaji ya digrii: mlalo wa injini na ule wa difu viwe sawa na vipingane, kama digrii 3 kwa 3. Angalia pia katikati ya feni dhidi ya rejeta, na kichujio cha hewa chini ya boneti.

Kinga ya sampu

Kinga huja mwisho, baada ya kimo kurekebishwa, kwa sababu yenyewe hula nafasi. Bati la chuma la milimita 5 likiwa milimita 12 chini ya sampu limechukua milimita 17, na sentimita 10 zako sasa ni 8.3. Nafasi hiyo ya milimita 12 usiipunguze, maana injini huchezacheza kwenye raba zake na bati linalogusana na sampu litaisugua hadi itoboke.

Funga kinga kwenye fremu na krosimemba, kamwe isiwe kwenye boliti za sampu, ili pigo liende kwenye chuma kinachobeba gari. Bati la chuma la sentimita 40 kwa 45 lina uzito wa karibu kilo 7. La aluminiamu la milimita 6 karibu kilo 3. Kunja ukingo wa mbele juu kwa digrii 30 hadi 45, upite mbele ya kisima, ili tuta lipandishe gari badala ya kulikamata. Vichwa vya boliti vizame ndani ya bati. Toboa tundu la kufikia plagi, na nafasi za upepo nyuma, kwa kuwa sampu iliyofunikwa hupoteza baridi yake.

Baada ya maili 100 rudi chini ya gari, kaza boliti za kinga tena, futa upande wa juu wa bati uone kama kuna oili iliyojificha. Jeki isiwekwe chini ya kinga wala chini ya sampu. Iweke kwenye fremu au ekseli.